SOMO: DAMU YA WAFALME NA DAMU YETU
Ndoa za ndugu na magonjwa ya kurithi



Kila mafundisho ya ndoa yanapofika kwenye kipengele cha afya, swali moja hujitokeza, iwe ni Handeni au Korogwe: je, ni kweli kwamba ndugu wakioana watazaa watoto wagonjwa? Mara nyingi anayeuliza huwa na mfano tayari. Amesikia kwamba wafalme wa Ulaya waliharibika damu kwa sababu ya kuoana wao kwa wao. Kwa upande mwingine, wafadhili wetu wameuliza kwa nini tusiwashauri viongozi wa dini na wa mila wapige marufuku ndoa za mabinamu, ili ugonjwa wa selimundu (wengi tunauita siko seli) upungue vijijini. Maswali yote mawili ni ya haki, nayo yanagusa maisha ya watoto. Tumeonelea tuyajibu katika somo hili kwa kirefu kidogo, tukianzia hapa hapa nyumbani.

Mbegha na wake zake

Kabla hatujakwenda Ulaya, tujiulize wafalme wetu wenyewe waliishije. Nasaba ya Wakilindi, iliyotawala Usambara kutoka Vuga, ilianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, katika eneo ambalo tangu mwaka 2002 ni Wilaya ya Kilindi na ambalo kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya Handeni. Hiyo ilikuwa karne ya 18. Masimulizi yake yamehifadhiwa katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na Wakilindi katika karne ya 19, na wazee wengi bado wanayajua: mwindaji wa nguruwe, mgawaji wa nyama, aliyeua simba akapewa utawala.

Jambo linalohusu somo letu ni ndoa zake. Mbegha alikuwa mgeni, hakuwa na ukoo Usambara. Akaoa wanawake kutoka koo mbalimbali za wenyeji, na watoto wa kiume aliozaa nao wakawa watawala katika sehemu za wajomba zao. Wajomba wakamtii mtawala kwa sababu alikuwa mtoto wa dada yao. Utaratibu huo uliendelea, na Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, naye aliwaweka wanawe wengi kuwa watawala katika sehemu mbalimbali za ufalme. Baada ya kifo chake watoto na wajukuu walipigana, ufalme ukagawanyika kati ya Vuga na Mazinde. Kwa hiyo utaratibu huu ulikuwa na hasara zake, lakini hasara hizo zilikuwa za kisiasa. Kwa upande wa damu, kila kizazi kiliingiza ukoo mpya.

Zanzibar nako kulikuwa na jambo la kufanana na hilo. Seyyid Said alikuwa na mke wa nasaba yake mwenyewe, Azza binti Seif, ambaye hakumwachia mtoto. Watoto 36 waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria waliotoka mbali, wakiwemo Wahabeshi na Wacherkasi. Binti yake Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, ameyaeleza hayo katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Hatusifu usuria, kwani wanawake wale hawakuulizwa. Tunachosema ni kwamba wazo la kuwa kila nyumba ya kifalme hujifungia katika damu yake halikuwa kweli katika pwani yetu wala katika milima yetu.

Kigego

Kuna jambo jingine katika habari za Mbegha ambalo tunaomba kamati zisilipite haraka. Inasimuliwa kwamba alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa mila za Wazigua, Wasambaa, Wabondei na majirani zao wengi, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima, na wengi waliuawa. Wazazi wa Mbegha walimpenda, hawakumtoa. Lakini walipofariki ndugu zake walimnyima urithi, wakisema kigego hana haki.

Leo tunajua kwamba meno ya mbele ya chini ndiyo hutangulia kwa watoto wengi, kuanzia umri wa miezi sita hivi, na kwamba wapo watoto wazima kabisa ambao ya juu hutangulia. Si ugonjwa, wala halimdhuru mtu. Watoto waliuawa kwa sababu ya tofauti isiyo na maana yoyote, huku magonjwa ya kweli ya kurithi yakiua wengine bila kutambuliwa. Hata sasa, mtoto mwenye selimundu akivimba mikono na miguu au akipata manjano ya macho, wapo wanaotafuta nani amemroga, na wapo akina baba wanaosema mama ndiye ameleta damu mbaya. Watoto wenye ualbino nao wamepata mateso tunayoyajua wote, hasa katika mauaji yaliyoshtua nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Ndiyo maana tunasema elimu hii si ya wanasayansi peke yao.

Wafalme wa Ulaya: habari mbili zinazochanganywa

Watu wanapotaja wafalme wa Ulaya, huwa wanachanganya mambo mawili tofauti. Tuyatenganishe.

La kwanza ni la ukoo wa Habsburg uliotawala Hispania. Ili ardhi na taji visitoke mikononi mwao, waliozana ndugu kwa ndugu kwa takriban miaka 200. Kati ya ndoa 11 za watawala hao, 9 zilikuwa za watu wenye undugu wa karibu, nyingine mjomba na mtoto wa dada yake. Mfalme Felipe IV alimwoa Mariana, binti wa dada yake mwenyewe, wakamzaa Carlos II mwaka 1661. Mtoto huyo alichelewa kusema na kutembea, akaugua maisha yake yote, akaoa mara mbili bila kupata mtoto, akafa mwaka 1700 akiwa na umri wa miaka 38. Baada yake Ulaya iliingia katika vita vya kugombea taji lake. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu ya nasaba yake: kwa wastani jozi moja kati ya nne za vinasaba vyake zilikuwa nakala mbili za kitu kilekile kutoka kwa babu mmoja. Hicho ni kiwango cha mtoto wa kaka na dada. Watafiti hao walihesabu pia kwamba kati ya watoto 34 waliozaliwa katika nyumba hiyo kuanzia 1527 hadi 1661, nusu walikufa kabla ya kutimiza miaka 10. Na hao walikuwa watoto wa tajiri kuliko wote nchini, wenye chakula na waganga.

La pili ni la Malkia Victoria wa Uingereza na ugonjwa wa hemofilia, ambao damu haigandi ipasavyo. Mwanawe Leopold alikuwa nao, akafa mwaka 1884 baada ya kuanguka. Binti zake wawili, Alice na Beatrice, walibeba kasoro hiyo bila kuugua, wakaipeleka Ujerumani, Urusi na Hispania kwa njia ya ndoa. Alexei, mrithi wa taji la Urusi aliyezaliwa mwaka 1904, aliugua ugonjwa huo. Vipimo vya mabaki ya familia hiyo vilivyotangazwa mwaka 2009 vilithibitisha ni hemofilia aina ya B.

Ni kweli Victoria na mumewe Albert walikuwa mabinamu. Lakini hemofilia haikuletwa na ubinamu wao! Kasoro yake iko kwenye kromosomu ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume anayo moja. Mwanamke mwenye nakala moja mbovu kwa kawaida husaidiwa na ile nzima. Mwanamume hana ya akiba. Kwa hiyo mama mbebaji anaweza kuzaa mtoto wa kiume mgonjwa hata kama baba ametoka upande mwingine wa dunia. Wale binti wa Victoria wangeolewa na wakulima wa Kwamsisi, matokeo kwa wana wao yangekuwa yaleyale.

Hapa kwetu ipo kasoro inayorithiwa kwa njia hiyo hiyo, nayo si ya wafalme: upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni wa kawaida katika maeneo ya malaria. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi bila kujua, mpaka apewe dawa fulani, kwa mfano dapsone au primaquine ya kiwango kikubwa, na chembe zake nyekundu za damu zivunjike. Tukimwambia mzazi amweleze mganga historia ya ukoo, hasa wajomba waliowahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, hatumpotezei muda.

Selimundu inavyorithiwa

Selimundu inarithiwa kwa njia nyingine. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba cha hemoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja ya selimundu na moja nzima ni mbebaji: haugui, analima, anazaa, anafika uzee. Anayeugua ni yule aliyepata mbovu mbili, yaani kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Tafadhali kamati zitilie mkazo maneno haya. Baba anayemfukuza mke kwa kuleta damu mbaya, naye pia ameichangia damu hiyo.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya mbebaji, na moja kati ya nne ya mtoto asiye na kasoro kabisa. Tumekutana na wazazi wanaodhani kwamba wakishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata ni salama. Sivyo. Ni kama kurusha shilingi, haikumbuki ilivyoanguka jana. Ipo nyumba yenye watoto sita wote wazima, na ipo yenye watatu wagonjwa mfululizo.

Kwa nini kasoro yenye kuua hivi imeenea kwetu? Kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa karne nyingi mtoto mbebaji katika tambarare za Korogwe au Handeni alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua kuliko mwenzake asiyekuwa nayo. Kwa ujumla vinasaba vya namna hii ni vingi mabondeni na hupungua kadiri mtu anavyopanda milimani, mahali ambapo mbu ni wachache. Mtoto mgonjwa wa selimundu, hata hivyo, hana faida hiyo. Malaria kwake ni adui mkubwa kuliko kwa mwingine yeyote, na dhana kwamba hahitaji chandarua ni ya hatari.

Kwa Tanzania nzima inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Bila huduma, zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo Afrika hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi bila ugonjwa wao kujulikana jina. Huandikwa malaria au upungufu wa damu, na ndivyo wanavyozikwa.

Je, kuzuia ndoa za ndugu kungesaidia?

Sasa tunarudi kwenye swali la wafadhili. Tuchukulie kijiji ambacho mtu mmoja kati ya sita ni mbebaji wa selimundu. Mbebaji akioa mgeni kabisa, nafasi ya mke kuwa mbebaji ni moja kati ya sita. Akioa binamu yake wa kwanza, nafasi hiyo hupanda na kufika karibu moja kati ya nne, kwa kuwa huenda wote wawili wamerithi kinasaba kilekile kwa bibi au babu yao. Hatari imeongezeka, lakini haikuzaliwa na ubinamu. Tukizuia ndoa zote za mabinamu leo, sehemu kubwa ya watoto wenye selimundu bado watazaliwa, kwa wazazi waliokutana sokoni Mkata au kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe na ambao babu zao hawakuwahi kuonana.

Kwa kasoro ambazo ni adimu, hesabu inabadilika. Ualbino nao huhitaji nakala mbili. Kwa Tanzania idadi inayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400, na hiyo ina maana kwamba karibu mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Mbebaji akioa binamu, nafasi ya mwenzake kuwa mbebaji hufika karibu moja kati ya sita, yaani mara tatu. Kadiri ugonjwa ulivyo adimu, ndivyo undugu wa wazazi unavyokuwa na uzito zaidi. Hapo ndipo Wahabsburg walipoumia.

Mila zetu zinazuia ndoa ndani ya ukoo, na ni jambo jema. Lakini ukoo huhesabiwa upande mmoja. Kwa Wazigua wa asili ukoo ni wa mama, kwa hiyo mtoto wa mama mdogo ni ndugu kabisa, lakini mtoto wa mjomba ni wa ukoo wa mama yake mwingine. Kwa Wasambaa ukoo hufuata baba, na mtoto wa mjomba huyo huyo tena anakuwa wa ukoo mwingine. Damu haijui hesabu hiyo. Mtoto wa mjomba, wa shangazi, wa baba mkubwa na wa mama mdogo wote wako sawa: wanashiriki na wewe sehemu moja ya nane ya vinasaba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mtu kumwoa mzazi, mtoto, mjukuu, ndugu wa tumbo, shangazi, mjomba na mpwa, lakini mabinamu haiwataji. Waislamu wanawaruhusu. Makanisa yanatofautiana, kwa Wakatoliki ndoa ya mabinamu wa kwanza inahitaji kibali. Katika vijiji vyetu, ambako Mkristo na Mwislamu ni watoto wa bibi mmoja, kamati isijaribu kuamua jambo hili kwa kelele. Kuna wanandoa mabinamu wenye watoto wazima, na kuwanyooshea kidole hakuponyi mtu.

Kipimo, na wakati wake

Msimamo wetu ni kwamba kipimo kina faida kuliko marufuku, ilimradi kiwe cha hiari na kifanyike mapema. Saudi Arabia iliweka kipimo cha lazima kabla ya ndoa kuanzia mwaka 2004. Mwanzoni wengi wa wachumba walioambiwa kwamba wote wawili ni wabebaji waliendelea na harusi, maana ukumbi ulikwisha lipwa na koo zimekwisha kubaliana. Miaka iliyofuata waliobadili mawazo waliongezeka sana, kadiri elimu ilivyowafikia kabla ya uchumba. Nasi tunajua hali ilivyo hapa: mahari imetolewa, ndoa imetangazwa mara mbili, sare zimeshonwa. Ukimpima kijana wiki hiyo unampa mzigo, hujampa nafasi ya kuchagua. Vijana wapimwe wakiwa hawajaposa, na hata shuleni waeleweshwe.

Tahadhari mbili. Kipimo cha zamani cha kuangalia kama chembe zinajikunja hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, kwa hiyo ulizeni kama kituo kinaweza kutenganisha aina za hemoglobini, au kinatumia vipimo vipya vya haraka vya tone la damu vinavyoweza kufanya hivyo, au kinatuma sampuli mbele. Pili, majibu ni siri ya mpimwaji. Yasisomwe kwenye kikao, yasiandikwe kwenye daftari la ndoa, wala mwenyekiti asiombe kuyaona. Kiongozi wa dini asimkatalie mtu ndoa kwa sababu ya jibu hilo. Wabebaji wawili wakiamua kuoana wakijua, wasaidiwe kumpima mtoto mapema.

Kumpima mapema ndiko kunakookoa. Dalili huanza baada ya miezi sita hivi, hemoglobini ya uchanga inapokwisha: vidole na miguu kuvimba, maumivu ya mifupa, macho ya manjano, homa za mara kwa mara, weupe wa viganja. Mtoto aliyejulikana hupewa penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, chanjo zote ikiwemo ya nimonia, kinga ya malaria, foliki asidi na maji ya kutosha. Kuna pia haidroksiurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hii walipata maumivu machache, malaria chache na vifo vichache. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, na wapo waliofika vyuo vikuu na wenye familia zao.

Kwa hiyo wafadhili wanapouliza fedha ziende wapi, jibu letu si semina ya kukemea mabinamu. Ni kipimo cha watoto wachanga, dawa isiyokatika, na nauli ya mama kutoka kijiji cha ndani hadi kliniki kila mwezi. Nauli hiyo ndiyo inayosahaulika katika bajeti nyingi tunazoletewa.

Kwa kikao kijacho tunaomba kila kamati ijadili na kutujibu kwa maandishi: Kituo cha afya kilicho karibu nanyi kinapima selimundu kwa namna gani, na majibu hurudi baada ya siku ngapi? Je, mnazo familia zilizozika watoto wawili au zaidi kwa upungufu wa damu, na nani anayeaminiwa nazo kiasi cha kwenda kuzungumza nazo kwa faragha? Mafundisho ya ndoa katika parokia yenu huanza muda gani kabla ya harusi, na yanaweza kusogezwa mbele kwa miezi mingapi? Majina ya familia yasiandikwe kwenye barua.